Selimundu, pweza na nukta kwenye mstari: namna mtafiti wa urithi anavyofundishwa kusoma hesabu zake

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa ukienda Mlima Kenya. Huko akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali, na alipozipima akaona jambo ambalo halikumtoka kichwani: jeni ya selimundu, ile inayoweza kuipinda chembe nyekundu ya damu ikawa kama mundu, ilikuwa imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu ilikuwa adimu. Ukiichora ramani hiyo, inafuata mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria. Tafiti za Kilifi, pwani ya Kenya, zilizofuata miongo kadhaa baadaye zikapata kwamba mtoto wa namna hiyo anaepushwa na malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Hiyo ndiyo hadithi ya jeni ambayo wengi wetu tuliipata shuleni. Herufi moja ya DNA inabadilika, na tokeo lake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho.

Sasa tubaki Kilifi. Mwaka 2005 watafiti wa hapo walichapisha kazi iliyouliza swali jingine: kwa nini baadhi ya watoto huugua malaria mara kwa mara na wengine si hivyo? Walipopiga hesabu wakakuta kwamba urithi kwa jumla unaeleza kama robo ya tofauti baina ya watoto. Selimundu peke yake, jeni mashuhuri kuliko zote katika habari za malaria, ilieleza asilimia 2.

Asilimia 90 na asilimia 2, jeni ileile, watoto wa eneo lilelile, na hakuna aliyekosea. Nimeona watu wenye shahada zao wakikwama hapa, nami siwalaumu, maana hili ni fundo la kwanza ambalo mafunzo ya takwimu za urithi hulazimika kulifungua.

Asilimia 90 inamjibu mama mmoja: mwanangu anayo jeni hiyo, je, hatari yake imepungua kiasi gani? Asilimia 2 inajibu swali la eneo zima. Waweke watoto wote pamoja, huyu ameugua mara nne, yule hajaugua hata mara moja, kisha uulize tofauti hizo zote zimetoka wapi. Zaidi ya watoto wanane kati ya kumi hawana selimundu kabisa, na bado wanatofautiana sana wao kwa wao. Ukichukua watoto wawili ambao wote hawana jeni hiyo, haiwezi kukueleza kwa nini mmoja analazwa na mwenzake yuko uwanjani anacheza. Jeni inaweza kumfaa sana aliye nayo, na ikaeleza kidogo sana kuhusu umma.

Basi robo ile ya urithi imekaa wapi? Imetawanyika. Sehemu yake imo kwenye thalasemia ya alfa, hali ya kurithi inayopunguza utengenezaji wa hemoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu), ambayo imeenea sana pwani ya Kenya na ambayo nayo ina kinga. Hapa Kilifi ilitoa somo jingine mwaka huohuo: mtoto aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja na thalasemia ya alfa kwa wazazi wote wawili hapati kinga maradufu. Kinga mbili zikikutana kwenye damu moja, zinavunjana. Anayejumlisha tu bila kuangalia zinavyokutana atatoa jibu lililo kinyume na ukweli.

Sifa za namna hii, yaani malaria, kisukari, presha, kimo, huzuni ya muda mrefu, wataalamu huziita sifa changamani. Hazina jeni yao moja. Zina mamia au maelfu ya sehemu kwenye jenomu, yaani DNA yote ya mtu, kila moja ikisukuma kidogo, na juu yake kuna chakula, mbu, maji, kipato na bahati.

Ukitaka kuiona hali hiyo kwa mikono yako, chukua sarafu kumi uzirushe pamoja. Hesabu zilizoangukia upande wa kichwa. Yapo matokeo 1,024 yanayowezekana. Vichwa kumi vyote hutokea kwa njia moja tu kati ya hizo, ilhali vichwa vitano hutokea kwa njia 252. Rusha mara nyingi, uchore ulichopata, na utaona kilima: watu wa kati ni wengi, wafupi na warefu ni wachache. Kila sarafu hapo ni jeni inayoongeza au kupunguza milimita moja ya kimo. Weka sarafu mia, na ngazi za kilima zinalainika mpaka huoni tena kwamba chini yake kuna sarafu.

Hilo ndilo lililowagombanisha wanasayansi mwanzoni mwa karne ya 20. Wafuasi wa Mendel, aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, walisema urithi huja kwa vipande. Wafuasi wa Francis Galton, aliyekuwa ameshapima mwaka 1886 watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima pamoja na wazazi wao, walisema kimo ni mteremko usio na vipande. Mwaka 1918 mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher alionyesha kwa hesabu kwamba wote walikuwa wanatazama kitu kimoja, maana vipande vingi vidogo vikijumlishwa hutoa mteremko. Neno mtawanyiko kwa maana yake ya kitakwimu, yaani kipimo cha tofauti baina ya watu, tunalolitumia hadi leo lilipata umbo lake katika kazi hiyo. Ni haki pia kusema kwamba Galton ndiye aliyelibuni jina la ile nadharia ya kuboresha kizazi cha watu kwa kuchagua nani azae, na Fisher aliiunga mkono. Elimu hii ilizaliwa katika nyumba hiyo, na mafunzo yanayoficha jambo hilo yanamnyima mwanafunzi sababu ya kuwa mwangalifu.

Kwa miaka mingi chombo kikuu kilikuwa mapacha. Mapacha wa kufanana wana DNA moja, na wasiofanana wanashiriki nusu, kama ndugu wengine. Tuseme ulinganifu wa kimo (0 ni kutohusiana, 1 ni kufanana kabisa) kwa mapacha wa kufanana ni 0.9 na kwa wasiofanana ni 0.5. Toa, upate 0.4, zidisha mara mbili, na una 0.8: asilimia 80 ya tofauti za kimo katika kundi hilo zinaendana na urithi. Hesabu yenyewe ni fupi, ya kuandikwa nyuma ya bahasha. Kazi iko kwenye dhana iliyojificha ndani yake, kwamba wazazi na walimu hawawatendei mapacha wa kufanana kwa namna tofauti na wale wengine. Dhana hiyo ikianguka, ile 0.8 inaanguka nayo.

Hata ikisimama, 0.8 haisemi kile ambacho wengi hudhani. Gawa gunia la mbegu za mahindi zilizochanganyika, nusu ukapande Kitale, nusu Voi. Katika shamba la Kitale udongo ni mmoja na mvua ni ileile, hivyo mmea ukimzidi jirani yake kimo, ni kwa sababu ya mbegu. Voi vilevile. Ndani ya kila shamba urithi unaeleza karibu kila kitu. Lakini mahindi ya Kitale yamekupita kichwa na ya Voi yamekufika magotini, na tofauti hiyo imetoka kwa mvua na udongo, maana gunia lilikuwa moja. Kwa hiyo mtu akikwambia sifa fulani inarithiwa kwa asilimia 80 na papo hapo akarukia tofauti baina ya mataifa au rangi za watu, amelichanganya shamba na gunia. Kosa hili limeumiza watu, na linaendelea kufanywa na watu wanaojiita wataalamu.

Hesabu za mapacha ndizo zilizozaa mojawapo ya mafunzo yaliyodumu zaidi katika fani hii. Yalianza Leuven, Ubelgiji, mwaka 1987, na kwa miaka mingi sasa yamekuwa yakifanyika Boulder, katika Chuo Kikuu cha Colorado. Ni ya wiki moja, ya mihadhara na mazoezi ya kompyuta, na walimu wake wengi ndio wenyewe walioandika programu zinazotumika. Michael Neale aliandika Mx, programu ya kuchambua data za mapacha, ambayo ilizaa OpenMx. Shaun Purcell na wenzake walitoa PLINK, programu ya kuchambua DNA za watu wengi, mwaka 2007, na hakuna mwanafunzi wa fani hii ambaye hajaigusa.

Kilichobadilisha kila kitu ni uwezo wa kusoma mamia ya maelfu ya alama, yaani mahali ambapo herufi ya DNA hutofautiana baina ya watu, kwenye jenomu ya kila mtu. Kabla ya hapo mtafiti alichagua jeni moja kwa kukisia, labda kwa sababu inahusika na kemikali fulani ya ubongo, akapima watu mia mbili, akaandika kwamba amepata jeni ya huzuni. Makala za aina hiyo zilichapishwa kwa mamia. Mwaka 2019 watafiti wa Boulder hukohuko walizichukua jeni 18 zilizokuwa zimesifiwa zaidi kwa ugonjwa wa sonona, yaani hiyo huzuni ya muda mrefu, wakazipima kwa sampuli kubwa, nyingine ikifika watu 443,264. Jeni hizo hazikufanya vizuri kuliko jeni zilizookotwa ovyo. Kuna watu waliotumia ujana wao wote wa utafiti kwenye jeni hizo, na kila nikiikumbuka kazi ile huwafikiria wao kwanza.

Chanzo kimojawapo cha balaa lile kinaelezeka kwa kuzidisha tu. Desturi ya zamani ilikubali tokeo ambalo bahati ingeweza kulileta mara moja kati ya ishirini. Ukipima alama moja, si vibaya. Ukipima milioni moja kwa kipimo hichohicho, bahati peke yake itakuletea alama 50,000 za uongo, kila moja ikionekana kama ugunduzi. Ndiyo maana fani iliafikiana juu ya kizingiti kikali: bahati iwe na nafasi tano tu kati ya milioni mia moja. Kulivuka lango hilo kunataka watu wengi sana. Kazi ya kimo ya mwaka 2022 ilikusanya takriban watu milioni 5.4 na ikapata sehemu 12,111.

Lakini kizingiti hakizuii kila uongo, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mafunzo yanapolipa.

Tuseme mtafiti anatafuta jeni ya kupenda pweza. Anakwenda Lamu na Shimoni anapata watu elfu moja wanaokula pweza. Anakwenda Kericho anapata elfu moja wasiomla. Anasoma alama zao, anaingiza kwenye PLINK, na maelfu ya alama yanavuka kile kizingiti kikali. Zinavuka kwa mbali. Akiongeza watu, zinavuka kwa mbali zaidi.

Hakuna jeni ya pweza hapo. Watu wa Lamu na watu wa Kericho wana nasaba tofauti, na alama yoyote iliyo ya kawaida kwa hawa kuliko wale itajitokeza, hata kama kazi yake mwilini ni kucha za miguu. Anayekula pweza anamla kwa sababu amezaliwa karibu na bahari. Kompyuta imejibu kwa usahihi kabisa swali ambalo hakuna aliyekusudia kuliuliza: nani ametoka wapi?

Badilisha pweza uweke presha. Wagonjwa umewapata kwenye kliniki ya mjini, wazima umewapata kijijini, kwa sababu ndivyo gari lilivyopatikana na ndivyo bajeti ilivyoruhusu. Kosa ni lilelile, ila sasa halichekeshi, na linaweza kupita hadi kwenye jarida.

Mwanafunzi hufundishwa kulinusa kosa hilo kwa mchoro mmoja. Unapanga matokeo yote kwa mfuatano, kuanzia dhaifu hadi yenye nguvu, na kila moja unaliweka kama nukta kulinganisha na nguvu ambayo tokeo hilo lingepata kwa bahati tupu. Kama karibu alama zote hazihusiki na ugonjwa, nukta zinaufuata mstari wa mshazari kama shanga kwenye uzi. Mwishoni kabisa, pembe ya juu kulia, chache zinauacha mstari na kupanda. Hizo ndizo za kuangalia. Lakini nukta zikiuacha mstari tangu mwanzo, jenomu nzima ikawa kama inahusika, jua umepima nasaba. Programu hukupa pia namba moja ya muhtasari, ambayo ikikaa karibu na 1 unapumua. Katika sampuli kama ile ya pweza, ikifika 1.5 huna haja ya kutazama jeni hata moja. (Kwenye sampuli kubwa mno namba hiyo hupanda hata bila kosa, kwa kuwa sarafu, yaani jeni zinazohusika, ni nyingi kweli, na kutofautisha hali hizo mbili kuna somo lake.)

Tiba ipo. Safu laki kadhaa za alama zinaweza kufinywa zikawa mihimili michache inayobeba tofauti kubwa za nasaba. Mwaka 2008 watafiti walifanya hivyo kwa DNA ya Wazungu, wakachora mihimili miwili ya kwanza, na kilichojitokeza ni kitu kinachofanana na ramani ya Ulaya, bila kompyuta kuambiwa mtu yeyote anaishi wapi. Unaiweka mihimili hiyo ndani ya mlinganyo, na nguvu za alama nyingi za pweza zinayeyuka. Katika mfano wetu, hata hivyo, haziyeyuki kwa usalama: pwani yote iko upande mmoja na bara yote upande mwingine, na hakuna mlinganyo unaoweza kutenganisha vitu ambavyo mtafiti alivifunga pamoja tangu siku ya kukusanya sampuli. Ndiyo maana mwalimu mzuri wa takwimu huanza kukuuliza maswali kabla hujatoboa kidole cha mtu.

Afrika ina sababu zake za kuhitaji watu waliofunzwa hivi. Herufi jirani za DNA husafiri pamoja kizazi hadi kizazi kama shanga za uzi mmoja, na mtafiti hutumia shanga moja kubashiri za jirani. Kwetu nyuzi hizo ni fupi, kwa sababu jamii za bara hili ni kongwe na zimechanganya DNA yao kwa vizazi vingi zaidi. Ubashiri uliotengenezwa kwa nyuzi ndefu za Ulaya ukiuleta hapa unakatika. Kufikia mwaka 2019 takriban asilimia 79 ya washiriki wa tafiti za aina hii walikuwa wa asili ya Ulaya, na makadirio ya hatari ya ugonjwa yaliyotokana na tafiti hizo yalibashiri kwa watu wa asili ya Afrika kwa usahihi mdogo kwa takriban mara nne na nusu. Zile sehemu 12,111 za kimo nazo zinaeleza karibu asilimia 40 ya tofauti kwa watu wa asili ya Ulaya, na kama asilimia 10 hadi 20 kwa wengine.

Uzi mfupi una faida pia, kwani unakuonyesha shanga yenyewe bila kundi la majirani. Na kuna mabadiliko ya jeni ambayo ukitafuta Ulaya tu huyapati kirahisi. Ya jeni iitwayo PCSK9 yaliyomshusha mtu lehemu mbaya kwa asilimia 28 na hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 88 yalipatikana kwa Wamarekani weusi, asilimia 2.6 yao, katika kazi za 2005 na 2006. Mwaka 2015 tayari kulikuwa na dawa zilizoidhinishwa kwa kufuata njia hiyo.

Kwa muda mrefu mpango ulikuwa damu inatolewa hapa, inagandishwa, inasafirishwa, na anayejua kuketi na hesabu yuko ng'ambo. Mradi wa H3Africa, wa utafiti wa jenomu na afya barani, ulijaribu kuubadilisha, na mtandao wake wa H3ABioNet kuanzia 2016 uliendesha kozi ya msingi ya kuchambua data za kibiolojia kwa kompyuta kwa madarasa yaliyo katika nchi mbalimbali za Afrika kwa wakati mmoja: mhadhara ulitoka mahali pamoja, na kila darasa lilikuwa na wasaidizi wake wa kukaa na mwanafunzi pale programu ilipogoma. Mpango wa GINGER uliwafunza watafiti wa Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini takwimu za magonjwa ya akili wakati uleule ambapo sampuli za NeuroGAP, utafiti wa urithi wa magonjwa hayo, zilikuwa zinakusanywa katika nchi hizohizo, Eldoret na Kilifi zikiwemo. Mpangilio huo naupenda. Anayekaa na nukta ndiye anayejua ni kliniki ipi ilileta watu wa mjini tu.

Mfano wa kinachopatikana uko Kyamulibwa, kusini mwa Uganda, ambako tangu 1989 wakazi wamekuwa wakifuatiliwa kiafya. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyotumia DNA za karibu watu 6,400 wa huko. Wengi wao ni ndugu, wajomba na mabinamu, hivyo mihimili peke yake haikutosha, ikabidi undugu wa kila mtu na mwenziwe uingizwe kwenye hesabu. Baada ya usafi huo wote, mojawapo ya nukta zilizobaki zimeuacha mstari ilikuwa ya HbA1c, kile kipimo cha kisukari kinachosoma sukari iliyogandia kwenye hemoglobini kwa muda wa miezi mitatu hivi. Sehemu ya jenomu iliyohusika ilikuwa thalasemia ya alfa.

Thalasemia ya alfa inagusa chembe nyekundu za damu, na kipimo hiki kinasomwa ndani ya chembe hizohizo, kwa hiyo kinaweza kutoa namba tofauti bila sukari ya mtu kuwa tofauti. Jeni hiyo ndiyo ileile iliyoenea Kilifi, ile inayovunjana na selimundu. Sasa mtu wa pwani anakwenda kliniki, anapewa karatasi yenye 6.3, na mpaka wa kisukari ni 6.5. Daktari hawezi kujua kwa kuitazama karatasi kama namba hiyo ni ya sukari au ya chembe. Kujua kunataka kupima sukari ya asubuhi kabla ya chai na thalasemia pia, kwa maelfu ya watu wa hapohapo, kisha mtu aliyefunzwa akae na matokeo hayo, achore nukta zake, na atazame kwanza kama zinaufuata mstari.